Utando Ulioshonwa Majini

Kwaruu. Kwaruu. Kimya kidogo, kisha kwaruu tena.

Nilikuwa bado kitandani, giza halijapasuka, na sauti ile ilitoka jikoni: kisu kikipita juu ya kitu laini kilichokazwa. Mwanzo nilidhani ni panya aliyesomea useremala. Halafu nikasikia mtu akikohoa, kile kikohozi cha kukujulisha kwamba yuko kazini na hataki kusaidiwa. Nikajua ni mama mkwe wangu, Bi Kijakazi, aliyetujia kutoka Mombasa wiki iliyopita, na ambaye tangu aingie nyumba yetu ya Mountain View hajapata kusali alfajiri akarudi kulala kama watu wengine.

Nikageukia ukutani. Anakata vitunguu, nikajiambia. Kisha nikakumbuka kwamba vitunguu havikwaruzi.

Nikaruka.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, sinia mapajani, na ndani ya sinia ilikuwa nyama yangu. Aliipasua katikati kama mtu afunguavyo kitabu, na pembeni, kwenye bakuli la uji la mwanangu Mahira, alikuwa ameweka utando mweupe mzima mzima, umekunjwa vizuri kama leso.

"Shikamoo, Mama," nikasema, kwa kuwa hata nyumba ikiungua lazima uanze na shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Huyo muuza nyama wako hakuogopi hata chembe." Akainua kipande kimoja juu ya taa. "Amekupa tando tupu. Hii si nyama. Hii ni nyama imevaa kanzu, ikavaa na joho juu yake. Nimeivua. Sasa ni nyama ya kulika na watu."

Nilikaa chini sakafuni.

Ni lazima nieleze kidogo. Kila jioni nikitoka dukani kwa mume wangu, River Road, tunakochapa kadi za harusi na kalenda, mimi hupanda ngazi za jengo la nyuma hadi ghorofa ya nne, ninakosomea ufundi wa mashine za hospitali. Mwaka huu nilichagua mada iliyowafanya wenzangu wanihurumie: ultrasaundi inayokusanywa mahali pamoja ili kupasha misuli joto. Si ile ya kumtazama mtoto tumboni. Hii ina kichwa kilichobonyea kama bakuli, na mawimbi yake ya sauti, ambayo sikio haliyasikii, hukutana mahali pamoja ndani ya mwili, kama miale ya jua inavyokutana chini ya kioo cha kukuzia hadi karatasi ikafuka moshi. Pale yanapokutana sisi tunapaita shabaha. Ngozi ya juu haidhuriki. Kwenye shabaha msuli hupata moto.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini msuli wa mtu si mkate wa boflo, kwamba ni laini toka juu mpaka chini. Umefungwa kwa tando nyeupe, moja hapa, nyingine pale, na tando hizo zimesukwa kwa nyuzi ngumu zinazomeza sauti kuliko nyama yenyewe inavyoimeza. Sauti ikikutana na utando, sehemu yake hurudishwa ilikotoka, nyingine hugeuka joto palepale, na kinachofika kwenye shabaha ni kile kilichosalia. Bi Kijakazi mwenyewe aliwahi kupashwa bega kwa mashine ya sauti, akarudi akisema, "Imeniunguza njiani, wala haikunifikisha." Nilicheka siku ile, kisha nikalala nikiifikiria, na asubuhi nilikuwa na mada.

Kilichobaki ni kuonyesha kwa macho ya watu. Ndiyo maana nilitafuta nyama yenye misuli miwili iliyokutana, na utando mmoja mpana katikati, haujaguswa. Abdulrauf, muuza nyama wetu wa Kangemi, alinitazama kama mtu aliyeambiwa apime mawe.

"Dada Nisreen," alisema, "mji mzima unanigombeza kwa sababu ya tando. Wewe unaziagiza?"

"Na usiiguse kwa shoka."

"Nisiiguse kwa shoka. Na nikuwekee na kwato?"

Lakini aliitafuta, maskini, akaniwekea, na niliibeba nyumbani kama keki.

Na jioni ya siku hii niliyoamshwa na kisu, Alhamisi, ndiyo ilikuwa jioni ya kuonyesha. Nikifaulu, Jumatatu ningeanza mafunzo kazini katika kliniki moja ya viungo karibu na Dagoretti Corner. Nafasi ilikuwa imewekwa kwa jina langu, ila hawakuwa tayari kuningoja: nikifeli, Jumatatu hiyo ataingia mtu mwingine, na mimi nitarudi kwenye kadi za harusi za watu.

Haya yote nilimweleza Bi Kijakazi pale sakafuni, kwa sauti ya chini ili Mahira asiamke. Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo kwake ni nadra. Nilipomaliza aliangalia bakuli la uji, akaangalia nyama, akaangalia kisu, kana kwamba kisu ndicho kilichomdanganya.

"Na mimi nikasema nikufurahishe," akasema. "Nikasema, mkaza mwanangu ni mpole, wanamwonea madukani."

"Najua, Mama."

"Si ununue nyingine?"

Nikampigia Abdulrauf. Alikuwa Thika, arusini kwa shemeji yake, na duka amelifunga. Nyama ya maduka mengine ya barabarani unaijua: shoka linapita juu ya mfupa, msuli na utando kwa pamoja, na unachobeba nyumbani ni vipande vya kutosha mchuzi, si vya kutosha elimu. Utando mpana, mzima, haupo.

Mume wangu, Idarus, akatokea mlangoni akijifunga saruni. Alipoelezwa, alimtazama mamake, akanitazama mimi, na kwa hekima aliyojaaliwa akachagua kutokuwa upande wowote.

"Basi nyama ikishafeli mtihani," akasema, "itarudi nyumbani tuile?"

"Nenda ukaswali, babake Mahira," nikamwambia.

Bi Kijakazi alikuwa bado anautazama ule utando. Aliutandaza juu ya kiganja, akauvuta kidogo huku na huku, akaushika kwa vidole viwili kama ashikavyo kitambaa dukani, anapotaka muuzaji ajue kwamba yeye hadanganyiki. Lazima ujue kwamba mama huyu hushona kofia. Si za mashine. Zile za mkono, zenye vijitundu ambavyo ukivihesabu unapata usingizi. Kofia ya Idarus ya arusi yetu ilimla miezi.

"Kilichovuliwa huvalishwa," akasema. "Niletee sindano."

"Mama, utaishona nyama?"

"Nimewashona watu wagumu kuliko hii."

Nilicheka licha ya msiba wangu. Kisha nikaacha kucheka, maana wazo liliniingia lote kwa pamoja. Mpaka jana nilikuwa nimepanga kuonyesha nyama yenye utando tu. Sasa nilikuwa na nyama ileile, bila utando. Nikiipima hivi ilivyo, uchi, halafu tukaivalisha utando wake na kuipima tena, hakuna mtu angeweza kuniambia kwamba tofauti imetokana na ng'ombe.

"Tusishone hapa," nikasema. "Tutashona chuoni, baada ya kipimo cha kwanza. Na tutashonea ndani ya maji."

Bi Kijakazi aliteremsha miwani hadi ncha ya pua.

"Ndani ya maji."

"Hewa ikibaki chini ya utando, sauti haipiti. Hewa kwa mawimbi haya ni ukuta. Ndiyo maana hata maji yenyewe nimeyachemsha jana, yatoke hewa, nikayaacha yapoe."

"Umechemsha maji ili yapoe, umenunua tando ili usizile, na sasa nishone majini." Akavua miwani akaifuta kwa kanga. "Mombasa nitasema nini nikiulizwa mwana wangu kaoa wapi?"

Lakini alikwisha kuanza kuchagua uzi.

Jioni tulipanda zile ngazi watu watatu: mimi na dumu langu la maji, Bi Kijakazi na nyama yake kwenye kikapu, na Mahira katikati, kwa sababu anayebaki naye jioni siku hizi ndiye huyo aliyebeba nyama. Mahira ana miaka mitano. Njia nzima alikuwa na swali moja tu, nyama hii tutaila lini, na kila ghorofa aliliuliza upya asije akawa amekosea mahali.

Shiko, mwenzangu wa darasa, tulimkuta mlangoni. Yeye alishaonyesha siku iliyotangulia, akafaulu, akaja tu kuona wengine wakiteseka.

"Sasa, shosho?" akamsalimia Bi Kijakazi kwa lugha ya vijana wa mjini, yaani habari, bibi.

Bi Kijakazi akasubiri sentensi iishe. Haikuisha.

"Sasa tunakwenda kushona," akamjibu mwishowe.

"Nisreen, umeleta fundi wa nguo kwa mtihani?" Shiko akaninong'oneza. "Wewe uko sawa kweli?"

"Nitakwambia baadaye kama niko sawa."

Madam Ndunge, mwalimu wetu, alikuwa mezani. Ni mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kama mtu anayeyakodisha. Alimwangalia Bi Kijakazi, akamwangalia Mahira, akaangalia kikapu.

"Karibuni," akasema. "Ni mtihani au ni posa?"

Nikamwambia ukweli wote: kwamba nilikuwa na sampuli nzuri, kwamba ilichambuliwa alfajiri kwa mapenzi, na kwamba nilikuwa na mpango mwingine. Bi Kijakazi alisimama wima, buibui limenyooka, tayari kuhukumiwa. Madam Ndunge aliandika neno moja ambalo sikuliona.

"Endelea," akasema.

Kifaa chetu ni cha kufundishia, kidogo. Kichwa chake kimefungwa juu ya tangi la kioo, lile la kufugia samaki, na nyama huzama ndani ya maji chini yake. Niliweka vile vipande viwili kimoja juu ya kingine bila kitu kati yao, nikavibana. Kisha nikachoma vipimajoto viwili vyembamba kama sindano: kimoja pale vipande vilipokutana, kingine chini zaidi, kwenye shabaha. Nikawasha.

Hakuna cha kuona. Hilo ndilo linalowachosha watu na ultrasaundi: mashine hainguruki, maji hayatikisiki, nyama imelala tu. Lakini namba zilianza kupanda. Ile ya chini ilipanda kwa haraka, ikapita arubaini, ikapita hamsini. Ile ya katikati ilisogea kidogo, ikatulia kama mtu asiyehusika.

"Hiyo ni bila utando," nikasema, nikazima. "Joto limefika lilikotumwa."

"Hilo hata kitabu kinajua," Madam Ndunge akasema.

Nikainua kipande cha juu. Bi Kijakazi akakunja mikono ya buibui, akatia mikono ndani ya tangi hadi viwiko. Shiko alisogeza kiti karibu. Utando uliingia majini ukatanda wenyewe, mweupe, unaelea kama shela ya bibi arusi, na yule mama akaukamata, akaulaza juu ya kipande cha chini, akaanza kuuzungusha mshono kwenye kingo. Kingo tu. Nilikuwa nimemwambia katikati asiguse, maana huko ndiko sauti itakakopita, na uzi sikutaka uingie kwenye ushahidi.

"Shosho, hiyo ni staili gani?" Shiko akauliza.

"Ya kofia ya bwana asiyetuliza kichwa," Bi Kijakazi akajibu bila kuinua macho. "Na wewe usinipulizie shingoni."

Madam Ndunge alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka, lakini sina mfano wa kulinganisha.

Tukarudisha kipande cha juu, tukasogeza kila kitu kidogo pembeni, mahali ambapo moto wa kwanza haukugusa. Vipimajoto vikarudi kazini, kimoja kwenye utando, kingine kwenye shabaha. Nikawasha.

Namba zikakaa. Ya juu ikakaa, ya chini ikakaa. Nikasubiri. Zikaendelea kukaa, kama wageni walioambiwa chakula kinakuja.

Nilimwona yule mtu mwingine, ambaye sijawahi hata kumwona, akiingia mlango wa kliniki Jumatatu na viatu vipya. Madam Ndunge aligeuza kalamu yake kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Kwa hiyo utando unazuia joto lote?" akauliza, taratibu. "Hata wenyewe haulipati? Hilo ndilo unalotufundisha?"

"Hapana, Madam." Nilijisikia nikisema hivyo kabla ya kujua kwa nini. Kisha nikajua. Utando ukimeza sauti, wenyewe lazima upate moto. Usipopata moto, basi sauti haijaufikia. Na kinachorudisha sauti yote kabla ya kufika ni kitu kimoja tu. "Kuna hewa. Kiputo kimejificha kwenye nyama ya juu, ama chini yake. Naomba kuifungua."

"Mshono wangu hauna hewa," Bi Kijakazi akasema.

"Sijasema mshono, Mama."

"Umeutazama lakini."

Nikainua kipande cha juu polepole, huku nimeinama hadi pua ikakaribia maji. Upande wake wa chini, kwenye mkunjo mdogo wa nyama, kulikuwa na kiputo kinang'aa, kikubwa kama punje ya mtama, na vingine vidogo vimejipanga nyuma yake. Tulipokiinua kile kipande mara ya kwanza kilichungulia nje ya maji, kikashuka na hewa yake. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekishika.

"Mshono hauna hewa," nikakiri.

"Sema kwa sauti, na mwalimu asikie."

Nikasema kwa sauti. Kisha nikapitisha kidole ndani ya mkunjo. Viputo vikapanda, vikapasuka juu. Mahira akacheka, akaomba virudie. Nikakilaza tena kipande, safari hii bila kukitoa majini hata unywele, nikakibana, nikawasha kwa mara ya tatu.

Ile ya katikati ndiyo iliyoanza. Ilipanda kama mtoto anayekimbilia mlango, ikapita hamsini, ikapita sitini, pale kwenye utando penyewe. Ya chini, kwenye shabaha, mahali ambapo nguvu yote ilikuwa imeelekezwa, ilijikokota kuelekea arubaini na kuchoka.

Nikazima, nikaitoa nyama, nikaiweka kwenye kisinia, nikaikata mara mbili kwa kisu chembamba, mkato mmoja kila tulipopasha. Kwenye mkato wa kwanza kulikuwa na doa lililopauka, dogo kama mbegu ya tende, ndani kabisa, na juu yake nyama nyekundu. Kwenye mkato wa pili weupe ulikuwa umelala kandokando ya utando, juu na chini yake, na kule ndani kulikotakiwa kuiva kulikuwa kwekundu vilevile kama dukani.

"Kwa hiyo anayempasha mgonjwa paja," nikasema, "lazima kwanza ajue tando ziko wapi, na zimelala vipi. Ama abadilishe pembe, ama apunguze nguvu apashe kidogokidogo. La sivyo atamuunguza mahali ambapo hakuumwa."

Madam Ndunge aliikagua mikato yote miwili kwa muda mrefu. Akaugusa mshono kwa ncha ya kalamu.

"Namba nimeziona," akasema. "Lakini unajua sifaulishi kwa namba."

Nilijua. Ni desturi yake, na wanafunzi huiogopa kuliko maswali. Husema mashine inayoeleweka na fundi peke yake ni hatari kwa mgonjwa. Kwa hiyo mwishoni humwita mtu asiye wa darasa, akamwambia asimulie alichoona. Akishindwa mtu huyo, amefeli mwanafunzi. Kwa Shiko alimwita bawabu, na bawabu alieleza vizuri hata Shiko akaandika.

"Bawabu amekwenda kula," Shiko akasema.

"Niulize mimi," Bi Kijakazi akasema, akajifuta mikono, akasogea mbele. "Nimeona kila kitu."

"Wewe, Mama, ni fundi. Huwezi kuwa shahidi wa kazi yako."

Bi Kijakazi alifungua kinywa kubisha, kisha akatambua kwamba amesifiwa, akakifunga. Madam Ndunge akaangaza chumbani. Shiko ni wa darasa. Mimi ni mimi. Macho yake yakashuka taratibu hadi kwenye kiti cha mwisho, ambako miguu miwili midogo ilikuwa inabembea.

"Madam, ana miaka mitano," nikasema.

"Wagonjwa wengine wana mitano."

Akamwendea, akachutama mbele yake na kile kisinia chenye mikato miwili. Nilitaka kusema neno moja tu, la kumkumbusha, lakini Madam Ndunge aliinua kidole bila kugeuka. Bi Kijakazi alinishika mkono chini ya buibui. Wake ulikuwa bado baridi kwa maji.

"Mahira," Madam Ndunge akasema, "hapa pametokea nini?"

Mahira aliangalia mkato wa kwanza. Akaangalia wa pili. Akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya akichagua andazi, akaugusa utando kwa kidole kimoja, kisha akagusa ile nyama ya chini yake, nyekundu.

"Ile nyeupe imekula moto, ya chini ikabaki mbichi," akasema.